Udongo, rojo au gundi: namna tatu za kulaza tailizi kwa nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe

Chukua sarafu ya shilingi 200, piga magoti sebuleni kwako, ugonge tailizi moja baada ya nyingine. Ikitoa mlio mzito na mfupi, imeshika. Ikilia kama debe tupu, chini yake kuna hewa, na siku mtoto atakapoangusha mchi hapo au kabati la vyombo likiburutwa juu yake, itapasuka. Nilifanya hivyo nyumbani kwangu Uyole miaka miwili baada ya kuhamia. Kati ya tailizi 48 za sebule, 19 zililia debe. Tailizi zenyewe zilikuwa nzuri, nilizinunua za daraja la kwanza. Zilikuwa zimelazwa vibaya.

Tangu hapo nimebandua, nimelaza upya, na nimekaa na mafundi kadhaa nikiwauliza kila hatua. Ndugu na majirani wanaojenga sasa hunifuata na swali moja: tulaze kwa saruji na mchanga kama zamani, au tununue gundi? Huwa nawajibu kwa maswali mawili. Sakafu yako ya chini ikoje, na tailizi uliyonunua ni ya aina gani? Ukishayajibu hayo, njia ya kulaza inakuwa imeshajichagua kwa kiasi kikubwa. Hasara nyingi nilizoona mitaani zimetokana na mtu kuchagua njia kwanza, au kumwachia fundi achague aliyoizoea.

Huku kwetu zipo njia tatu. Ya kwanza ni udongo mzito, maana ndivyo mafundi wanavyouita mchanganyiko wa saruji na mchanga, nami nitafuata lugha yao. Ya pili ni rojo ya saruji tupu juu ya sakafu iliyokwisha kukauka. Ya tatu ni gundi ya mfuko iliyotengenezwa kwa ajili ya tailizi.

Vigezo vya kupimia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yale yale. Sakafu ya chini iweje ndipo njia ifae. Tailizi ipi inapatana nayo. Vifaa kiasi gani vinaliwa kwa mita moja ya mraba. Bei sitaitaja, kwa sababu mfuko wa saruji hauuzwi sawa Mbalizi na Makete, kwa hiyo chukua kiasi ukizidishe kwa bei ya dukani kwenu. Muda wa kusubiri, hasa kwa baridi yetu ya Juni na Julai na mvua za kuanzia Novemba. Fundi anayehitajika. Na mwisho, kosa likitokea linarekebishwaje.

Kuhusu tailizi yenyewe, kuna jambo moja ambalo wauza duka wengi hawalisemi. Tailizi za sakafu ni familia mbili. Seramiki ina vitundu vidogo vinavyonywa maji. Posilini imeokwa ikabana kiasi kwamba, kwa viwango vya kimataifa, hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Huhitaji maabara kuzitofautisha. Geuza tailizi, dondoshea maji kidogo mgongoni. Seramiki itayanywa ukiwa unaangalia, ibaki alama ya unyevu. Kwenye posilini tone litakaa kama umande juu ya jani la gimbi. Saruji ya kawaida hushika kwa kuingia ndani ya vitundu. Pasipo vitundu inashika kidogo sana. Kumbuka hili, kwa sababu litarudi katika kila njia.

Njia ya kwanza: udongo mzito

*Sakafu ya chini.* Hii ndiyo njia inayosamehe sakafu mbaya. Kama una jamvi, yaani zege la chini, lililomwagwa tu, lina mabonde na vilima vya sentimita mbili au tatu, udongo utayameza yote, kwa sababu fundi husawazisha na kulaza kwa wakati mmoja. Jamvi lifagiliwe mpaka vumbi liishe, limwagiwe maji, lipakwe rojo nyepesi ya saruji ili udongo ushikane nalo, kisha udongo ufuate kabla rojo haijakauka. Ruka hatua hiyo na sakafu nzima itakaa juu ya jamvi kama mkate juu ya meza.

Angalia kimo. Udongo wa sentimita 4 na tailizi yenye karibu sentimita 1 vinainua sakafu yako sentimita 5. Milango ikiwa imeshafungwa, itakatwa chini. Angalia na uzito pia: kila mita ya mraba inaongezeka kilo 80 hivi. Chini, juu ya ardhi, hilo si kitu. Ghorofani, muulize kwanza aliyekuchorea nyumba.

*Tailizi.* Seramiki inapatana na njia hii vizuri, ikilowekwa kwanza kwenye ndoo mpaka iache kutoa mapovu, halafu ikaachwa ichuruzike. Usipoiloweka itafyonza maji ya rojo kabla saruji haijashika. Kwa posilini, kuloweka hakusaidii chochote. Fundi mmoja mtu mzima aliyekuja kuniangalizia sakafu yangu aliniambia, "Mama, tailizi hii haina kiu, rojo itaingilia wapi?" Dawa yake ni kuchanganya njia: udongo chini kwa ajili ya kusawazisha, na gundi nyembamba ikipakwa mgongoni mwa tailizi mahali pa rojo.

*Vifaa.* Kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga nne, unene wa sentimita 4, kila mita ya mraba inakula takriban kilo 15 za saruji na ndoo mbili za lita 20 za mchanga. Ongeza kilo tatu hivi za rojo. Chumba cha mita 4 kwa 4 kitahitaji mifuko 6 ya saruji na ndoo 33 za mchanga. Saruji kwetu haitoki mbali, kiwanda kipo Songwe. Mchanga ndio wa kuangaliwa. Ardhi ya Mbeya na Rungwe ni ya volkano, na baadhi ya mchanga unaoletwa na malori una majivu na vipande vyepesi vya pamisi ambavyo ukivitia kwenye maji vinaelea. Weka mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie usiku kucha. Vinavyoelea vikiwa vingi, au tope la juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya kilichotulia, mrudishie mwenye lori.

*Uchanganyaji.* Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo panapoharibika. Mafundi wengi huupenda udongo mbichi, laini kama wa lipu, kwa kuwa tailizi inateleza kirahisi juu yake. Lakini maji yale yakishatoka, udongo unasinyaa na tailizi inabaki imening'inia. Udongo unaofaa ni wa nusu ukavu: ukiufinyanga mkononi unakuwa tonge lisilovunjika, na kiganja hakibaki na maji. Unamwagwa, unashindiliwa, unanyooshwa kwa rula ndefu ya alumini, unapimwa kwa pimamaji, ndipo rojo inapakwa na tailizi kukalishwa kwa nyundo ya mpira.

*Muda na hali ya hewa.* Huhitaji kusubiri sakafu ikauke kwanza, na hilo ni faida kubwa. Usikanyage kwa saa 48. Fanicha nzito zingoje wiki. Kwa Njombe, Makete na Mufindi wakati wa baridi, mara mbili ya hapo si nyingi. Saruji hushika polepole kadiri baridi inavyozidi, na joto likishuka hadi nyuzi 5 karibu inasimama kabisa. Usiku wa Julai wa Makete hufika huko. Anza kazi asubuhi jua likishatoka, funga madirisha jioni, na kama vioo bado hamjaweka, zibeni kwa nailoni.

*Fundi.* Wapo wengi, kila mji.

*Kosa likitokea.* Tailizi moja au mbili zinabadilishwa bila shida. Kung'oa chumba kizima ni kazi ya patasi, nyundo na mgongo: chumba kile cha mita 16 za mraba kina zaidi ya tani moja ya udongo wa kutoa nje.

*Anayefaa.* Mwenye jamvi ambalo bado halijapigwa sakafu, anayelaza seramiki, na ambaye milango yake bado haijafungwa. Pia yeyote anayelaza bafuni au chooni, nitaeleza sababu mbele.

Njia ya pili: rojo ya saruji juu ya sakafu kavu

*Sakafu ya chini.* Hapa sakafu ilishapigwa na kusawazishwa zamani, na fundi anachanganya saruji na maji tu, anapaka, analaza. Sakafu lazima iwe na ukwaru na ilowe maji tangu jana yake, vinginevyo itanyonya maji yote ya rojo kwa dakika chache na kuacha unga. Ikiwa imepigwa niru, yaani saruji iliyosuguliwa ikawa laini, rojo haishiki hata kidogo mpaka niru ichongwe kwa patasi, alama hadi alama zisipishane zaidi ya upana wa vidole vitatu.

*Tailizi.* Seramiki ndogo, sentimita 30 kwa 30 au pungufu, iliyolowekwa. Nimeona sakafu za namna hii jikoni kwa watu Kihesa na Soweto ambazo zimekaa miaka mingi bila kulia debe. Kwa hiyo sitasema njia hii haifai. Nasema haifai kwa posilini, na haifai kwa tailizi kubwa, na hapo ndipo mimi nilipoumia. Zangu zilikuwa posilini za 60 kwa 60. Fundi aliweka madonge matano ya rojo, manne kwenye kona na moja katikati, akagonga zikakaa sawa, zikapendeza. Kati ya donge na donge palikuwa na hewa tupu, na saruji isiyo na mchanga husinyaa inapokauka, kwa hiyo hata pale palipoguswa paliachia. Nilipozibandua zilitoka nzima, safi mgongoni kama zimetoka kwenye boksi.

*Vifaa.* Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Kilo 5 mpaka 7 za saruji kwa mita ya mraba zinatosha rojo ikipakwa yote.

*Muda.* Saa 48 kabla ya kukanyaga. Jua na upepo ni adui zake zaidi ya baridi.

*Fundi.* Anayekubali kupaka sehemu yote bila madonge. Muulize kabla, kisha simama naye tailizi tatu za kwanza.

*Kosa likitokea.* Ni rahisi kurekebisha, kwa sababu tabaka ni jembamba na tailizi isiyoshika hutoka yenyewe.

*Anayefaa.* Mwenye fedha ndogo, sakafu nzuri yenye ukwaru, na tailizi ndogo za seramiki kwa chumba kisichobeba vitu vizito.

Njia ya tatu: gundi ya mfuko

*Sakafu ya chini.* Gundi haisamehi. Weka rula ya mita 2 popote sakafuni. Uwazi chini yake usizidi milimita 3. Palipozidi, pasawazishwe kwanza, kwani gundi haikutengenezwa kwa kujaza mashimo. Sakafu iwe kavu na isiwe na kitu cha kuteleza. Nyumba nyingi za zamani za Mbeya na Iringa zina sakafu ya niru nyekundu iliyosuguliwa kwa nta miaka na miaka. Inang'aa, lakini gundi yoyote itashika nta, si sakafu. Ichongwe au ipigwe grinda mpaka saruji yenyewe ionekane.

Kujua kama unyevu unapanda kutoka ardhini, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sakafuni, ziba pande zote kwa utepe, kiache mpaka kesho. Ukikuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi, sakafu bado ina maji. Nyumba zilizojengwa bila nailoni chini ya jamvi hushindwa kipimo hiki wakati wa masika, hasa Tukuyu na kule Rungwe kwenye mvua nyingi. Kwa nyumba kama hizo, kazi ingoje kiangazi.

*Tailizi.* Zote, lakini lazima usome mfuko. Alama C1 ni gundi ya kawaida, ya seramiki ndani ya nyumba. C2 ina mshiko maradufu wa ule wa C1 katika kipimo cha kiwango, nayo ndiyo ya posilini. Ukiona S1 imeongezwa, maana yake gundi ikikauka bado inapinda kidogo bila kuachia. Hiyo ni ya veranda inayopigwa jua mchana na baridi usiku, na ya sakafu za ghorofani. Sisi wa Mbeya tunakaa pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, na tetemeko dogo la ardhi si habari ngeni. Nilipolaza upya nililipia S1 nikiwa na hilo akilini.

Tailizi hazilowekwi kwa gundi. Zifutwe tu mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana posilini nyingi hutoka kiwandani na unga mweupe unaozuia zisigandane kwenye tanuri, na unga huo huizuia na gundi.

*Vifaa.* Kwa mwiko wa meno ya milimita 10, hesabu kilo 5 kwa mita ya mraba. Mfuko wa kilo 20 unafika mita 4, wa kilo 25 mita 5. Chumba cha 4 kwa 4 ni mifuko 4 ya kilo 20. Hapa watu hujidanganya kwa pande zote mbili. Anayesema gundi ni ghali anasahau kwamba kama sakafu yake iko sawa, haanzi kununua mifuko 6 ya saruji na mchanga. Anayesema gundi ni nafuu anasahau kwamba kwenye jamvi lenye mabonde atapiga sakafu kwanza, alipe saruji na mchanga ule ule, halafu ndipo anunue gundi. Fanya hesabu zote mbili kwa sakafu yako, si kwa ya jirani.

*Namna ya kuipaka.* Unga unatiwa kwenye maji, sio maji kwenye unga, kwa kipimo kilichoandikwa. Ukishakoroga, acha dakika kama 5, koroga tena. Ikianza kukauka kwenye ndoo, imwage; kuiongezea maji ni kuiua. Meno ya mwiko yachore mistari iliyonyooka upande mmoja, maana kwenye mizunguko kama ya konokono hewa hunaswa. Tailizi za 60 kwa 60 zipakwe tabaka jembamba mgongoni pia. Kisha jambo ambalo sikubali liachwe: baada ya kulaza ya tatu au ya nne, ibanduliwe mbele yako, muitazame mgongo. Ndani, kwenye vyumba vikavu, gundi iwe imegusa walau asilimia 80. Bafuni na nje, 95. Ikipungua, mwiko una meno madogo au fundi hajagandamiza.

*Muda na hali ya hewa.* Gundi ikishatandazwa una kama dakika 20 kabla haijapata ngozi juu. Kwa Makambako, ambako upepo haupumziki, nusu ya muda huo ndiyo salama. Gusa kwa kidole: isiponata, ikwangue uanze upya. Baada ya saa 24 unaweza kutembea na kujaza grauti, ile saruji ya kuziba mistari kati ya tailizi. Kwenye baridi kali ngoja siku mbili. Tatizo ni sakafu mpya. Ikipigwa leo, ikae wiki tatu ndipo gundi ifuate, na zege la jamvi lenyewe liwe limepita siku 28. Anayetaka kuhamia mwisho wa mwezi hapendi kusikia hili.

*Fundi.* Si wengi wanaoijua vizuri. Muulize kama ana mwiko wa meno wa kwake, kisha mwombe akuoneshe. Wapo wanaonunua gundi halafu wanaiweka kwa madonge matano yale yale, na hapo umelipa bei ya gundi ukapata kazi ya rojo.

*Kosa likitokea.* Tailizi iliyoshika vizuri kwa C2 haitoki nzima, inavunjwa. Kwa hiyo weka akiba.

*Anayefaa.* Mwenye posilini, au tailizi kubwa, na sakafu iliyokwisha kusawazika. Pia asiyetaka kuinua kimo cha sakafu, kwa kuwa gundi na tailizi kwa pamoja hazizidi sana sentimita moja na nusu.

Yanayobaki vile vile kwa njia yoyote

Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo lako, na soma ubavuni mwa boksi namba ya rangi na ya kipimo. Boksi mbili za jina moja zikiwa na namba tofauti, rangi hupishana, na vipimo hupishana milimita inayoonekana kwenye mistari. Tailizi nyingi tunazouziwa zinatoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze, zinapanda Kitonga zikiwa zimepangwa juu ya lori. Fungua kila boksi dukani, pengine kona zimemeguka. Na uzipeleke zote siku moja, kwa sababu mzigo unaofuata utakuwa na namba nyingine.

Zipange kavu kwanza kuanzia katikati ya chumba, ili vipande vilivyokatwa viishie ukutani kwa upana unaofanana. Tumia spesa, vile vipande vya kutenganisha tailizi, za milimita 2 au 3. Anayekubali tailizi zigusane kabisa atakuja kuziona zimeinuka kama hema siku ya joto. Acha uwazi wa milimita 5 mpaka 10 kuzunguka kuta zote, skatingi ya chini ya ukuta itaufunika. Kwenye ukumbi mrefu, kanisa au duka, kila mita 8 mpaka 10 uwe na mstari uliojazwa silikoni badala ya grauti, na popote jamvi lenyewe lina mkato, mkato huo upande mpaka juu ya tailizi. Grauti ije baada ya tailizi kushika. Saruji nyeupe tupu ni nafuu, lakini bafuni hupasuka mapema kuliko grauti ya mfuko.

Sasa, kwa hali yako

Jamvi lina mabonde, milango bado, na umenunua seramiki: udongo mzito wa nusu ukavu. Gundi hapa itakulipisha mara mbili.

Jamvi lina mabonde lakini ulishanunua posilini: udongo chini kwa ajili ya kusawazisha, gundi mgongoni mwa tailizi. Kama una mwezi mzima wa kungoja, piga sakafu, iache ikauke wiki tatu, ulaze yote kwa gundi C2. Kazi ya pili ni nadhifu zaidi, ya kwanza ni ya haraka zaidi.

Bafuni na chooni: sakafu inahitaji mteremko wa sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Udongo ndio unaofinyangwa kirahisi ukafuata mteremko, na tailizi ndogo za 30 kwa 30 ndizo zinazoufuata bila kuacha ngazi. Mteremko ujengwe kwa udongo. Juu yake, posilini ishikwe kwa gundi. Chagua zenye ukwaru.

Nyumba ya zamani yenye niru, familia inaishi ndani: gundi, chumba kwa chumba, baada ya kuchonga niru. Vumbi la kuchonga ni kali, hamisheni vyakula na watoto siku hiyo. Udongo mzito utakulazimisha kukata milango yote na kuacha ngazi kila mlango wa chumba ambacho bado.

Juu ya tailizi za zamani: inawezekana kwa gundi C2 pekee, kama zile za chini zimeshika zote. Gonga kila moja kwa sarafu. Zinazolia debe zing'olewe na mashimo yajazwe kabla. Zinazobaki zikwaruzwe kwa grinda na kuoshwa mafuta.

Veranda ya Njombe au Mafinga: posilini, gundi yenye S1, igandamizwe mpaka asilimia 95 igusane, kwa sababu maji hubaki kwenye uwazi chini ya tailizi. Fanya kazi kati ya Agosti na Oktoba, baridi ikiwa imepungua na mvua hazijaanza.

Duka la vifaa Mwanjelwa, ambapo mifuko na mabati vitaburutwa: njia ya kwanza au ya tatu, ilimradi hakuna uwazi chini. Rojo usiiguse.

Vyumba vya kupangisha, fedha kidogo, sakafu yenye ukwaru ipo tayari: seramiki ya 30 kwa 30 kwa rojo, ipakwe yote, sakafu ilowe tangu jana. Simama hapo siku ya kwanza.

Fedha zimeishia katikati ya ujenzi: piga sakafu nzuri sasa, iliyonyooka kwa rula, na mwambie fundi asiimalizie kwa niru, aiache na ukwaru wa mbao ya kusugulia. Tandika mkeka, hamia. Mwakani itakuwa imekauka kabisa, na penye kupasuka patakuwa pameshapasuka na kuonekana, nawe utabakiwa kununua gundi na tailizi tu.